Unajua mishono yote lakini hujui ushone nini? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, umesema mishono unaijua karibu yote, vitambaa vimejaa kabatini, lakini ukikaa na sindano hujui ushone nini, na kila unachoanza kinafanana na kazi ya mtu mwingine. Unahofu pia kwamba umechelewa, na umegusia suala la kuuza. Wengi wamekushauri utafute kwanza ujumbe wa sanaa yako. Mimi siafiki. Chukua kitambaa kimoja na mshono mmoja, ukae navyo mpaka vikuchoshe, halafu uendelee.

Mimi nilichagua bandi, ule mshono ambao fundi huupiga ili kushikiza tu kisha akaufumua. Kitambaa kilikuwa shuka kuukuu la pamba. Nilianza na mistari iliyonyooka, ikawa inakaribiana, na hapo nikaona kwamba uzi ukivutwa kidogo tu, pamba inajikunja na kufanya matuta. Kufikia hapo sikuwa nachora tena juu ya kitambaa, kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa kazi. Maswali yakaja yenyewe. Je, nikivuta upande mmoja tu? Nikipiga bandi kwa uzi wa sufu kwenye pamba nyepesi, kisha nikaifua kwa maji ya moto na kuisugua? (Jaribu hilo. Sufu ambayo haijatiwa dawa ya kuzuia kusinyaa hujikaza, pamba hubaki na ukubwa wake, ndipo inapofura katikati ya mishono. Hutapata mbili zinazofanana.)

Kwenye cherehani, shusha meno yanayosukuma kitambaa, funga mguu wa kudarizi, bana kitambaa kwenye fremu, na mkono wako ndio utakaoamua sindano iende wapi. Ukipata ile karatasi laini inayoyeyuka majini, darizi juu yake kisha uiloweke, zitabaki nyuzi peke yake. Hakikisha mistari imekatana vya kutosha, la sivyo utatoa majini fundo la nyuzi. Mtindo wa kutia rangi kwa kutu na siki unapendwa sana, ila mimi nauogopa: kutu huendelea kukila kitambaa taratibu.

Sasa lengo. Usifumue majaribio wala kuyatupa. Shikiza kwenye kila kipande karatasi yenye jina la uzi, mshono na ulichokifanya. Yakishakuwa mengi yatandaze sakafuni, mbele na nyuma. Yangu nilipoyatandaza niliona jambo ambalo sikulipanga: mishono ilikuwa imesongamana pale shuka lilipokuwa limelika na kubaki jepesi, sehemu zilizokuwa bado imara nimezipita juu juu. Tangu hapo nashughulika na uchakavu tu, yaani viwiko, magoti, kola, pindo zilizokatika. Sizizibi zisionekane. Nafuata njia ambayo mwili wa mtu umeichonga kwenye nguo kwa miaka.

Wala si sisi tu. Anni Albers, msanii wa ufumaji, aliingia karakana ya ufumaji ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, kwa sababu wanawake walikuwa wanaelekezwa huko, si kwa kuipenda. Nyuzi zikamshika hukohuko, na mwaka 1949 akafanyiwa maonyesho yake peke yake kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Msanii Louise Bourgeois alikulia katika familia iliyokarabati mazulia ya ukutani, lakini kitabu chake cha vitambaa, alichokishona kwa nguo na vitambaa vyake vya zamani, kilitoka mwaka 2002, akiwa na miaka 90. Kwa hiyo, hofu yako ya kwamba umechelewa iache.

Kuhusu kufanana na kazi za watu: acha kwa muda kutazama picha za kazi zilizokamilika, tazama vipande vyako. Na hilo la kuuza, mimi nauza kazi zilizokamilika, majaribio siuzi hata nikibembelezwa, maana ndiyo ninayorudi kuyasoma nikikwama.