Na anayelinda mkeka, anapumzika saa ngapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mkiwatoa watoto wadogo kwenda kwenye viwanja vya michezo na bembea siku nzima, mnapangaje muda wa mapumziko?" Nimelisoma swali, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Mapumziko ya nani? Ya watoto? Watoto wanapumzika, msiwe na wasiwasi nao. Mtoto wa miaka mitatu akichoka hulala popote, hata begani kwa baba yake kwenye foleni ya aiskrimu, mdomo wazi. Mimi nataka kuzungumzia mtu mwingine.

Mimi ni bibi wa wajukuu wanne, na kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Kila familia yetu inapotoka, iwe Kunduchi kwenye maji, iwe Mnazi Mmoja Sikukuu ya Idd, iwe maonyesho ya biashara ya Saba Saba, kazi yangu inajulikana bila kutajwa: nakaa kwenye mkeka. Hapo ndipo kituo. Mabegi yapo hapo, viatu vya wote, hotpoti, dumu la maji, pempasi, na simu ya mtu inachajiwa. Na msimamo wangu wa miaka yote ni kwamba mapumziko hayapangwi kwa saa. Unatandika kivulini, mtoto akichoka anarudi mwenyewe. Ratiba tuwaachie watu wa ofisini.

Mkwe wangu haafiki. Yeye ni mtu wa kengele ya simu. Basi niwasimulie ile Saba Saba.

Tulikwenda tarehe 7 Julai yenyewe, siku ambayo kila mwenye akili anajua asiende. Maonyesho huanza tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai, siku ziko tele, lakini ile ni sikukuu, baba watoto yuko nyumbani, basi Dar es Salaam nzima inakutana Barabara ya Kilwa. Tulitoka Tabata mapema, na bado tukakuta foleni ya tiketi imeshapinda kona. Ndani tukapata mwarobaini mzuri nyuma ya banda moja, sitalitaja, nikatandika. Mlinzi wa banda akaja: hapo haparuhusiwi, ni eneo la wageni rasmi. Nikamuuliza wageni wako wapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniomba nisogee kidogo tu asije akagombezwa. Nikavuta mkeka hatua mbili, tukaelewana.

Saa sita kamili kengele ikalia. Wakati huo wajukuu wawili wakubwa walikuwa wamefika mbele kabisa ya foleni ya bembea za kuzunguka, tiketi mkononi. Mama yao akawatoa. Kilio nilikisikia nikiwa kwenye mkeka na nikakijua ni cha kwetu. Wakaja wamenuna, wakanyweshwa maji, wakala ubwabwa na maharage, wakaambiwa walale. Wa miaka miwili alilala papo hapo. Wa miaka minne alilala huku anaapa kwamba halali. Wakubwa walilala macho wazi wakipigana mateke ya chinichini.

Nikasema haya, hapa mwenye kengele kashinda. Ndipo mwanangu akasema, "Mama, dakika kumi tu, tunafika banda la Magereza kuangalia makochi." Wakaondoka wote wawili. Aliyewahi kwenda kuangalia makochi ya Magereza siku ya Saba Saba anajua kwamba pale hakuna dakika kumi. Unayatazama, unayakalia, unauliza bei, unaondoka umekasirika, unarudi kuyakalia tena.

Sasa mimi nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili kabla ya kutoka nyumbani, na nina dawa za presha, zile zinazokupeleka msalani. Muda si muda nikaanza kutazama upande wa vyoo. Nikapiga simu, haiingii. Umati ule unaulemea hata mtandao. Mama mmoja wa mkeka wa jirani, ametoka Mbagala na wanawe, akaniona ninavyohangaika. "Nenda mama, nitakutazamia wajukuu." Sura yake ilikuwa ya mtu mwema kabisa. Lakini vipaza sauti navyo vilikuwa vinatangaza: mtoto wa kiume, fulana nyekundu, hajui jina la baba yake, mzazi afike haraka. Unamwachiaje watoto wanne mtu mliyekutana asubuhi, huku unasikia hayo? Nikawaamsha wote. Mdogo mgongoni kwa khanga, wa miaka minne mkononi analia usingizi, wakubwa wameshika pindo la gauni langu. Mabegi na hotpoti nikamwachia yule mama. Vitu hivyo sikuwa na wasiwasi navyo.

Foleni ya choo cha wanawake ilikuwa ya watu wa aina yangu: bibi, mtoto mgongoni, mtoto mkononi. Tukatazamana. Mmoja akaniuliza, "Na wako wameenda makochi?" Wake walikuwa kwenye matrekta. Hawana shamba.

Tuliporudi, wazazi walikuwa wameshafika, wamejinyoosha kwenye mkeka wangu, miguu huku na mikono kule. Mwanangu akainua kichwa. "Mama, mbona umewaamsha?"

Sitaandika nilichojibu. Mdogo alilia mpaka tunapanda daladala, na wa miaka minne alimtapikia kondakta ubwabwa kwenye kiatu.

Kengele yenyewe, nikiitazama kwa jicho la kliniki, ilikuwa sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi bembea anaingia getini tayari anadaiwa. Na jua. Julai kuna kipupwe, upepo wa kusi unatudanganya, ila jua la saa sita lipo. Mwili mdogo hushika joto haraka kuliko wetu, na mtoto aliyenogewa na mchezo hasemi ana kiu. Nilikuwa nawaambia akina mama: tazameni mkojo, ukiona umekoza rangi, ameshachelewa kunywa. Aliye chini ya miezi 6 msimpe maji hata kukiwa na joto la namna gani. Anyonye mara nyingi zaidi, na maji anywe mama yake. Kunyonyesha, nimegundua, ndiyo mapumziko pekee ya mtu mzima ambayo hakuna baba anayeyabishia.

Kinachowashinda wengi ni kiingilio. Mahali unapolipa mara moja getini ukateleza majini kutwa, mzazi anapiga hesabu: nimetoa hela yote hii halafu walale? Utawaona watoto wanatetemeka, midomo imebadilika rangi, na bado wanapandishwa ngazi. Hela imeshakwenda, wazazi wenzangu. Hairudi hata mtoto akiteleza mpaka magharibi.

Nimesoma kwamba Walt Disney, Mmarekani yule wa katuni, alisimulia mwenyewe kuwa wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa benchini Griffith Park, Los Angeles, huku binti zake wanazunguka kwenye farasi wa bembea. Akawaza pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Mwaka 1955 akakifungua kiwanja chenyewe. Mimi hapo nilichokiona ni benchi. Baba mzima amekaa, hana begi la mtu, mawazo yanamjia. Mimi miaka yote hii kwenye mkeka sijawahi kujiwa na wazo lolote zaidi ya "kile kiatu kingine kiko wapi".

Basi najibu, na najua nilianza kwa kusema mapumziko hayapangwi. Pangeni. Tena kwa saa, kabla ya kutoka nyumbani: saa sita hadi saa nane watoto wako kivulini, wamekula, wamelala au wamekaa. Msimtoe aliyefika mbele ya foleni. Apande kwanza, kengele itamsubiri. Halafu pangeni saa ya pili, ya anayelinda mkeka, na jina la atakayempokea liandikwe, maana "tutapokezana" kwenye familia maana yake ni bibi. Saa hiyo asiachiwe hata mtoto mmoja, hata yule "asiyesumbua".

Hili ni la watoto chini ya miaka sita. Wakubwa waacheni wachoke. Wala si la Mnazi Mmoja sikukuu, ambako mnakwenda baada ya alasiri na magharibi mmeshaondoka. Hapo mkeka hauna kazi, bebeni maji tu. Na kama mmekwenda mzazi mmoja na watoto watatu, bila bibi wala shangazi, sina la kuwapangia. Ondokeni saa saba.

Mkwe wangu nimemwambia mwaka huu kengele ziwe mbili. Amekubali, na ameshaiweka yangu saa saba na nusu. Mwanangu ameuona ujumbe kwenye grupu la familia tangu jana. Bado hajajibu.