Anayekusomea anaweza kuruka mstari

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza kama bado kuna haja ya kumkalisha mjukuu wangu na kitabu na daftari, ilhali simu inamsomea kila kitu, na akitaka kusema neno anajirekodi sauti tu. Sikukujibu palepale. Jambo hili lina kidonda kwangu.

Bibi yako hakujua kusoma. Siku moja aliletewa karatasi, akasomewa, akaweka dole gumba. Ilipita miezi ndipo tukagundua kwamba aliyosomewa siyo yaliyoandikwa. Mengine yote niache. Lakini tangu siku ile najua kuwa anayekusomea anaweza kuruka mstari, nawe usijue.

Waliomiliki watu walilijua hilo mapema. Huko Marekani, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Na Frederick Douglass, akiwa mtoto mtumwa mjini Baltimore, alianza kufundishwa herufi na mke wa bwana aliyemtumikia. Mume akakataza: mtumwa akijua kusoma, alisema, hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto yule alikuwa anasikiliza! Akawa anatoka na mkate, anawapa watoto maskini wa Kizungu mtaani, nao wanamlipa kwa kumfundisha. Kuandika alianzia kwenye herufi ambazo mafundi wa meli waliziweka kwenye mbao zao. Wakati ule mtumwa hakusafiri bila cheti cha bwana wake. Mwaka 1836 Douglass akaviandika vyeti hivyo mwenyewe, chake na vya wenzake, ili watoroke. Mpango ule ulivuja, wakakamatwa. Alitoroka 1838, na 1845 akachapisha habari za maisha yake, watu wote wasome.

Simu ya mtoto haina nia mbaya, najua. Ila sauti hupita. Kwenye ukurasa atasimama, atarudi nyuma, atauliza, "Hapa wamesema nini hasa?"

Na kuandika? Mimi jambo likinitatiza huliandika. Kichwani huonekana limenyooka. Likishakaa kwenye karatasi ndipo naona nilipojidanganya.

Basi mwambie aniandikie barua wiki hii. Usimsahihishie hata herufi moja. Nitamjibu kwa mkono wangu, na tafadhali, usimsomee.

Mama yako