Nondo mwenye macho mbawani

Tangu mvua zianze, maswali yanayonifikia karibu yote ni ya nondo. Nondo wa kuruka, si nondo za kujengea.

Juzi usiku aliingia ukumbini mdudu mpana kama kiganja, rangi ya kahawia, na mbawani ana macho mawili yanakutazama. Mama mkwe kasema tusimuue, kaja na habari. Ni kitu gani? (Mama wa Konde, Pemba)

Kwa kutomuua, mama mkwe kasema kweli. Kwa maelezo yako huyo ni wa ukoo wa Saturniidae, nondo wa hariri wa mwituni. Yale macho hayaoni, ni madoa tu. Akishtuliwa huzifunua mbawa ghafla, ndege akadhani katazamwa na kitu kikubwa, na kule kusita kwake ndiko nondo anakoponea. Macho ya kuonea yako kichwani, madogo.

Ukimpata tena, tazama vipapasio. Vikiwa vipana kama unyoya, basi ni dume. Kwa vipapasio hivyo hunusa harufu ya jike aliye mbali sana, hata kilomita kadhaa. Habari aliyokuja nayo ni hiyo, Bibi: alikuwa njiani kutafuta mke, taa yako ikampoteza. Zima taa, fungua dirisha.

Nondo wa namna hiyo tulimwekea maji ya sukari na kipande cha embe, hakugusa. Anakula nini? (Msomaji wa Makunduchi)

Hali kitu. Mdomo wake umedumaa, haufanyi kazi. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyoiweka alipokuwa kiwavi, na umri wake ni kiasi cha wiki moja. Embe mngekula wenyewe.

Niliokota kiwavi mweusi mwenye miiba myeupe na madoa mekundu ubavuni. Nikamtia kwenye kopo la maziwa lenye mchanga, akajifukia. Baadaye alitoka nondo, lakini mbawa zimejikunyata na hakuruka mpaka akafa. Nilikosea wapi? (Mwanafunzi, Chwaka)

Mwanangu, kosa ni kopo, na waliofanya hivyo kabla yako ni wengi, mimi nikiwemo.

Kiwavi wako anafanana sana na wa nondo aitwaye Bunaea alcinoe, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutaga mayai kwenye majani ambayo watoto watakuja kuyala. Wakianguliwa, kazi ni kula tu. Ngozi ya kiwavi haikui pamoja naye, kwa hiyo hulazimika kuiambua, kwa kawaida mara nne, na kila akiiambua anakuwa mkubwa zaidi. Huwezi kumlaumu kwa ulafi: chakula cha maisha yake yote lazima akimalize sasa. Anakula kwa pupa, halafu anakuwa pupa.

Katika hatua hiyo, kati ya kiwavi na nondo, ndipo ndugu wa ukoo huu wanapoachana. Wengine hujifumia kifukofuko cha hariri mtini. Huyu wako hafumi, huteremka na kujifukia ardhini, na huko hungoja mpaka mvua.

Nondo anapotoka, mbawa zake ni ndogo, laini na zimelowa. Lazima apande mahali akaning'inie, mbawa zikitazama chini, asukume maji ya mwili ndani ya mishipa yake mpaka zitandazike, kisha zikauke. Ubavu wa kopo unateleza na nafasi ni finyu. Zikikaukia katika hali ya kukunjana, hakuna dawa. Safari nyingine tumia ndoo pana, usimamishe ndani yake vijiti vyenye magome, ufunike kwa chandarua.

Kama ni nondo wa hariri, kwa nini tusimfuge tukauza? Karafuu zina msimu wake. (Mzee wa Wete)

Mzee wangu, hariri nyingi ya madukani inatoka kwa nondo mwingine, Bombyx mori, aliyefugwa China kwa maelfu ya miaka hata kuruka hawezi tena. Hula majani ya mforsadi, na kifukofuko chake kimoja ni uzi mmoja usiokatika wa mita 600 hadi 900. Wafugaji humuua ndani kwa joto kabla hajatoboa.

Vifukofuko vya mwituni mara nyingi huokotwa mwenyewe ameshatoboa akaenda zake, kwa hiyo uzi haufumuliwi, unasokotwa kama pamba. Jirani zetu wa Madagascar nao husokota hivyo uzi wa nondo wao waitwao landibe, na kitambaa chake huwavisha maiti zao. Lakini huyu anayejifukia mchangani hatakupa hata uzi wa kushonea kifungo. Shikilia karafuu.

Hariri ya mwituni nayo inahesabiwa hariri kwa mwanamume? (Kijana wa Mji Mkongwe)

Kwa upande wa mdudu, naam: ni mate ya kiwavi yaliyoganda yakawa uzi, sawa na ile ya kufuga. La fikihi mpelekee shehe wako. Mimi mwisho wangu ni mdomoni mwa kiwavi.