"Dada, kocha anasema mimi mvivu"

Juzi binti wa mwaka wa kwanza, mchezaji wa mpira wa wavu, kaniandikia: "Dada, nikifika mazoezini miguu hainyanyuki. Kocha anasema mimi mvivu." Nilisoma nikalia. Neno hilohilo niliambiwa mbele ya timu nzima nikiwa mwaka wa pili.

Neti ya wanawake ina urefu wa mita 2.24, na nilipotoka sekondari nilikuwa naipita vizuri, napiga mpira ukiwa juu. Chuoni, kufika katikati ya muhula, kila nikipiga mpira unaishia kwenye neti. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Bumu, yaani hela ya mkopo wa kujikimu chuoni, lilishakata, nikawa napiga pasi ndefu, yaani kushinda njaa: chai na chapati moja saa 2 asubuhi, kisha sili tena hadi usiku. Saa 10 jioni natoka maabara moja kwa moja hadi uwanja wa saruji, jua bado linachoma. Usiku nakesha na madesa, yaani notsi za masomo, hadi saa 8 kwa sababu ya testi. Mwili ungeruka kwa nguvu ipi? Timu iliposafiri kwenda michezo ya vyuo, mimi nilibaki hosteli nikisikia basi likipiga honi getini. Honi ile bado inaniuma.

Mwaka wa tatu nilirudi, na nilirudi nikiwa nahodha. Nililala saa 4 usiku, nikasoma kuanzia saa 11 alfajiri. Saa 9 alasiri nilikula ndizi mbivu 2 na karanga kidogo, kwa sababu kuruka mara kwa mara kunatumia wanga ambao misuli imeuhifadhi, na usipokula hakuna cha kuhifadhi. Maji nilikunywa tangu asubuhi. Nikapatana pia na seta wetu, yule anayeninyanyulia mpira ili niupige. Tulikuwa tumenuniana, na pasi zake zilikuwa zinanifikia chini, nami nikidhani tatizo ni miguu yangu.

Wadogo zangu, kuleni kabla ya mazoezi. Laleni. Semeni mnapoumia. Kuleni, tena nasisitiza! Nanyi makocha, kabla ya kumwita mtoto wa watu mvivu, muulizeni mchana amekula wapi.

Wewe uliyeniandikia, kesho mpelekee kocha ratiba yako ya vipindi, umwoneshe unatoka saa ngapi. Na kama hela ya ndizi huna, niandikie tena.