Shahidi alimwona "akimkata" au "amemkata"?

Swali: Nimesoma habari ya rufani ya kesi ya mauaji. Aya ya kwanza inasema shahidi "alimwona mrufani akimkata marehemu kwa panga", ya tatu inasema "alimwona amemkata". Je, mwandishi kachanganya? Na inakuwaje majaji waseme shahidi alimwona mtu lakini hakumtambua? (Msomaji, Tabora)

Jibu: Ndugu yangu, kauli zote mbili ni Kiswahili safi, ila si ushahidi mmoja.

"Nilimwona akimkata" inamweka shahidi pale pale tendo likiendelea: panga limeinuka, likashuka, naye anatazama. "Nilimwona amemkata" ni habari nyingine. Shahidi kafika, au kageuka, tendo limekwisha. Anachokiona ni mtu kasimama na panga mkononi, na mwenzake yuko chini anavuja damu. Aliyekata ni nani? Hilo shahidi kalijumlisha kichwani. Huenda kajumlisha sawasawa, lakini huenda pia aliyesimama pale ni jirani aliyekimbilia kuokoa, akaliokota panga. Sheria ya Ushahidi inataka jambo la kuonekana lisemwe na mtu aliyeliona mwenyewe, kwa hiyo tofauti ya -ki- na -me- inaweza kubeba uhai wa mtu.

Usije ukachukua hii kuwa kanuni kwamba -me- ni dhana kila mara. Tazama kitenzi. "Nilimwona ameshika panga" ni ushahidi wa macho kabisa, maana kushika ni hali inayodumu, kama kuvaa, kusimama au kulala. Hapo ukisema "akishika panga" ndipo unapobadilisha habari, kwani sasa umemwona mkono wake ulipokuwa unalifikia.

Kwenye rufani jambo hili linakuwa zito zaidi, kwa kuwa majaji hawamwoni shahidi wala hawasikii sauti yake. Wanasoma mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani. Kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili, aliyeandika akaandika Kiingereza, na katika tafsiri ya harakaharaka "akimkata" na "amemkata" ziliweza kuangukia sentensi ile ile. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami nilifurahi hasa kwa sababu hii: maneno ya shahidi yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake.

Sasa kuona na kutambua. Kuona ni kazi ya jicho. Kutambua ni kusema sura ile ni ya fulani, na hapo ndipo binadamu hukosea. Katika shauri la Waziri Amani, 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ndiyo maana shahidi huulizwa: ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, uliwahi kumwona kabla? "Kulikuwa na mwanga" haitoshi. Mwanga wa kibatari kilichowekwa sakafuni si wa taa ya umeme juu ya mlango.

Kiswahili chetu kina upungufu mdogo hapa. "Kumtambua" tunalitumia kwa jirani uliyemzoea na kwa mgeni uliyemwona mara moja, ilhali mahakama hupima viwili hivi tofauti. Mahakama ya Rufaa ya Kenya (wenzetu husema rufaa, sisi rufani) ilieleza mwaka 1980, katika shauri la Anjononi, kwamba kumtambua mtu unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Kwa hiyo mwandishi aongeze maneno mawili matatu: "alimtambua, kwani ni jirani yake", au "alimtambua katika gwaride". Na gwaride hilo, ambapo polisi humpanga mtuhumiwa mstarini na watu wengine ili shahidi amwonyeshe, mimi naliita la utambuzi, si la utambulisho. "Utambulisho" unatokana na kutambulisha, na pale polisi hakuna anayemtambulisha mtu kwa shahidi. Akitambulishwa, gwaride limeharibika.

Kuhusu habari uliyoisoma: mwandishi arudi kwenye hukumu, aone shahidi alinukuliwa akisema lipi, kisha aandike hilo hilo katika aya zote mbili.