Shangazi, mdogo wangu amerudi tena kwenye unga

*Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Alikaa soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga, miezi minne, ukoo mzima tulichangishana kulipa. Akarudi amenawiri, mama akamchinjia kuku. Wiki ya tatu nikamkuta nyuma ya choo na kete ya unga mkononi. Juzi kauza mtungi wa gesi. Nesi mmoja ametushauri akaanze dawa ya methadoni hospitali ya Mwananyamala, lakini mama hataki, anasema huko ni kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Kaka anataka tumfukuze. Nimechoka, Shangazi.*
*Dada wa Kinondoni*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Naanza na jambo la haraka, kwa sababu linaua. Miezi minne bila unga, yaani heroini, mwili wake umeshausahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani, leo kinaweza kumsimamisha pumzi. Wengi hufa hivyo, wametoka soba au jela, wanarudia dozi ileile. Mkimkuta amelala haamshiki, anakoroma kwa shida au pumzi zinakuja moja moja, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa. Waambieni wahudumu ukweli kwamba ametumia heroini, maana ipo dawa ya kumzindua, naloksoni. Ndiyo maana kumfukuza nakukataza: akizidiwa huko gheto, nani atamwona?

Sasa hilo la kuteleza. Mnaliona kama dharau kwa mama na kuku wake. Mimi nimekaa na vijana hawa, na nimemshuhudia mmoja akiwa kwenye arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga: miayo isiyokwisha, kamasi na machozi, vinyweleo vimesimama, tumbo linamwendesha, anajikunja akisema mifupa inachomwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki hivi mwili unatulia, na familia hudhani kazi imeisha. Haijaisha. Ubongo uliozoea heroini kwa miaka hauponi kwa miezi minne. Kijana anarudi mtaa uleule, anapita kijiwe kilekile, mfukoni ana nauli, na hamu inamrudia nzima. Soba haikushindwa, wala hela yenu haikupotea. Ila alirudi nyumbani bila kitu cha kumshikilia.

Methadoni ndiyo inayoweza kumshikilia. Mwambie mama, kwa upole, kwamba hajakosea kabisa: methadoni nayo ni ya jamii moja na heroini, na mwili huizoea. Tofauti iko kwenye kazi yake. Unga humpandisha, na baada ya saa chache humwangusha, kwa hiyo siku nzima ni kusaka kete nyingine, na hapo ndipo mitungi inapouzwa. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hufanya kazi kama siku nzima, na kipimo kikimkaa sawa halewi wala hapati arosto. Anaweza kwenda kazini. Kwa kuwa hajidungi, hatari ya kupata UKIMWI na homa ya ini kupitia sindano inapungua. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, na ni bure.

Mama akiweza, aende akaone mwenyewe asubuhi. Foleni inasogea, kijana anaitwa, anapewa kikombe mbele ya mhudumu, anakunywa, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza. Anatoka. Anarudi kesho. Wengine huenda hivyo miaka, na hakuna aibu yoyote. Mama mwenye kisukari haulizwi ataacha lini dawa zake. Lakini pombe na vidonge vya usingizi asichanganye kamwe na methadoni. Hapo hakuna mjadala.

Kuhusu nyumba yenu: fungieni vya thamani, nauli msimpe mkononi, mlipieni. Kumlinda hakuzuii kujilinda. Na hilo neno teja, naomba lisitamkwe mbele yake, hata na kaka mkubwa.

Wewe mwanangu, tafuta siku moja ya wiki isiyo yake. Lala, au nenda kwa shoga yako.

Kesho msindikize mapema. Njiani zungumzeni mpira, zungumzeni chochote. Mtungi wa gesi msiutaje.