Re: Mpwa wangu yuko Provo, maneno anayajua lakini akifundisha anakwama

Salaam dada. Umesema kijana yuko Provo, Marekani, kwenye kituo cha kuwaandaa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na amekariri maneno mengi, ila akianza somo la mazoezi kwa Kiswahili anaganda na kusoma daftari.

Kwanza muulize anakariri vipi. Akiandika "kitabu" peke yake, ngeli itamkwamisha kila sentensi. Aandike kipande kizima: "kitabu hiki kinafundisha", "maneno haya yananisaidia", "Mungu anatupenda". Mdomo uzoee upatanisho kabla kichwa hakijaanza kuhesabu.

Pili, daftari alifunge. Kwenye karatasi abaki na vitenzi vitano na maswali mawili ya kumuuliza anayefundishwa. Swali humpa nafasi ya kupumua, na jibu humletea maneno ya kutumia.

Kule siku huanza asubuhi na mapema, asiibe usingizi. Dakika za kujipanga foleni ya chakula zinatosha kuongea Kiswahili na mwenzake, hata kibovu. Wakiwa wawili tu ndipo Kiingereza hurudi, hapo wabanane.

Nawe, akipiga simu siku yake ya mapumziko, mpe dakika kumi za Kiswahili kitupu. Usimsahihishe katikati ya sentensi, tafadhali. Subiri amalize, kisha rudia vizuri alichosema.